Kupindua, kufudikiza, kulala chali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya Kiswahili, na maneno ya kitu kugeuka juu chini ni miongoni mwa yale yanayochanganywa zaidi. Maswali haya huletwa na waandishi wa habari, walimu, wafasiri, na wazazi wanaosaidia watoto kazi za shule.

Je, Kiswahili kina neno moja la kusema kwamba kitu kimekaa juu chini?

Hakina, na tusihangaike kulitafuta. Kiswahili kwanza kinataka kujua ni kitu gani kilichogeuka. Mtu hulala chali au kifudifudi. Bakuli hufudikizwa. Basi na mashua hupinduka. Popo huning'inia kichwa chini miguu juu. Picha hubandikwa juu chini. Kila kimoja kina neno lake kwa sababu kila kimoja kina upande wake unaotazamiwa kuwa juu: mtu ana uso, bakuli lina mdomo, gari lina matairi yanayopaswa kugusa ardhi.

Mwandishi akiandika "gari lilikutwa juu chini" ataeleweka, lakini shahidi aliyekuwa pale barabarani hatasema hivyo. Atasema limepinduka, matairi yakawa yanatazama juu. Mfuate shahidi.

Basi "juu chini" itumike wapi?

Kwa vitu bapa vyenye kichwa na mguu unaojulikana: karatasi, kitabu, picha, bango, bendera. Mtoto akishika kitabu na maandishi yamegeuka, amekishika juu chini. Bendera ya Kenya ikipandishwa kijani kikiwa juu na nyeusi chini, imepandishwa juu chini.

Kuna tahadhari moja. "Kufanya juu chini" ni usemi wenye maana yake mwenyewe: kujitahidi kwa kila njia. "Mama alifanya juu chini apate ada" hauhusiani na kugeuza kitu chochote. Kwa hiyo sentensi kama "alifanya meza juu chini" humkwaza msomaji katikati ya njia. Andika "aliipindua meza" mambo yaishe.

Chali na kifudifudi hutofautianaje?

Chali ni mgongo chini, uso juu. Kifudifudi ni tumbo chini, uso chini. Anayelala kwa upande amelala kiubavu. Pwani utasikia pia kichalichali, kingalingali na kitanitani kwa maana ya chali, na kifulifuli kwa maana ya kifudifudi.

Nasisitiza tofauti hii kwa sababu ya vipeperushi vya afya. Ushauri wa kitabibu ni kwamba mtoto mchanga alazwe chali kila anapolala, usiku na mchana, kwa kuwa kulala kifudifudi humwongezea hatari ya kufa ghafla usingizini. Mtu mzima aliyezimia ilhali anapumua hulazwa kiubavu, ili ulimi na matapishi visizibe njia ya hewa. Mfasiri akibadilisha chali kwa kifudifudi, mama anayemwamini atafanya kinyume cha alichoshauriwa na daktari, na atafanya kwa upendo wote. Nikipokea maandishi ya namna hii, sehemu ya mlalo ndiyo ninayoisoma kwanza, na pale ambapo wasomaji wanatoka sehemu mbalimbali huongeza maelezo mafupi: "chali, yaani mgongo ukiwa juu ya godoro na uso ukitazama juu." Maneno machache ya ziada hayamchoshi mtu.

Chali pia husemwa kwa kushindwa. Bondia huangushwa chali, na biashara iliyofilisika huambiwa imeanguka chali.

Mbona Nairobi "chali" ni kijana wa kiume?

Katika Sheng, ndiyo, na Arusha utasikia "chalii" kwa maana hiyo hiyo ya kijana au jamaa. Muktadha hutenganisha: chali ya mlalo hufuata kitenzi kama lala, anguka au laza, na haibadiliki kwa wingi. Chali ya mtaani ni nomino kamili, humiliki na humilikiwa: "chali yangu", "machali wa mtaa".

Kufudikiza ni nini hasa? Sijawahi kulisikia nyumbani kwetu.

Ni kukiweka chombo chenye mdomo ili mdomo wake utazame chini. Bara watu wengi husema tu "geuza", ndiyo maana hujalisikia, lakini ni neno la kazi na linafaa kurudishwa mezani.

Tazama kichanja cha vyombo uani. Baada ya kuosha, sufuria, mabakuli na vikombe hufudikizwa pale juu ili maji yachuruzike na vumbi lisitue ndani. Sahani haifudikizwi kwa namna ile ile, kwa sababu haina mdomo wa kina. Sahani huegemezwa.

Au tazama mpishi wa mkate wa kumimina, ule wa mchele, tui na iliki. Mkate ukishaiva na kupoa kidogo, hupitisha kisu pembeni mwa chombo kuuachisha, huweka sahani pana juu, hushika vyote viwili kwa kitambaa, na kuvigeuza kwa mkupuo mmoja. Kile kitendo cha mkono kuzunguka ni kupindua. Hali ya chombo kukaa mdomo chini juu ya sahani ni kufudikiza. Akishakiinua chombo, ile ngozi ya mkate iliyokuwa imegusa chini, laini na yenye rangi ya kahawia, ndiyo inayokuwa uso wa mkate. Mwandishi wa mapishi anayejua maneno haya mawili anaweza kuandika hatua nzima kwa mstari mmoja: "pindua, fudikiza kwenye sahani, acha kidogo, kisha inua chombo."

Chapati na vitumbua ni habari nyingine. Hivyo hugeuzwa. Havina mdomo, na pande zake zote mbili zinaupata moto.

Mwalimu alituambia -u- hugeuza kitenzi kuwa kinyume: funga na fungua, kunja na kunjua. Je, pindua ni kinyume cha pinda?

Umbo ni la kutendua, maana imekwenda kwingine. Ziba na zibua, panga na pangua, funga na fungua: kitendo cha pili huondoa cha kwanza. Ingekuwa hivyo hapa, kupindua waya kungekuwa kuunyoosha baada ya kupindwa. Hakuna Mswahili anayesema hivyo. Kinyume cha kupinda waya ni kuunyoosha. Pindua imeshika wazo la kugeuza upande, wa juu ukawa wa chini. Mwanafunzi akiandika kwamba kinyume cha pinda ni pindua, mimi nisingempa alama, ingawa ningemweleza vizuri kwa nini umbo limemdanganya.

Ukoo wa pinda wenyewe ni mpana: upinde wa mwindaji na upinde wa mvua, mapindi ya nyoka aliyejiviringisha, na pindo la nguo. Chukua kanga. Doti huuzwa ikiwa kitambaa kimoja chenye kanga mbili. Mwenyewe huikata katikati, kisha fundi hupinda zile kingo zilizokatwa zisichambuke nyuzi. Huko ndiko "kupinda kanga", na wanawake wengi hawavai kanga mpya kabla haijapindwa. Kanga yenyewe ina pindo kuzunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, ule mstari wa maneno. Jina husomeka kwa upande mmoja tu, na kwa hiyo kanga ina juu na ina chini. Ukijifunga na jina limegeuka, shoga yako atakuambia papo hapo kwamba umeivaa juu chini, kwa kuwa ujumbe uliotaka kuupeleka hausomeki.

Na nguo iliyovaliwa mshono ukiwa nje?

Hiyo imegeuzwa, imevaliwa ndani nje. Usiseme imepinduliwa. Iliyovaliwa mbele ikawa nyuma imevaliwa kinyume.

Katika habari za ajali, niandike kupinduka, kuanguka, kubingirika au kuzama?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wasomaji wa habari hizi ni ndugu wa waliokuwamo.

Barabarani, gari lililoacha njia si lazima limepinduka. Linaweza kuingia mtaroni likabaki limesimama kwa matairi yake. Likilala kwa mlango wa upande mmoja, limelala ubavu. Likigeuka hadi paa likagusa ardhi, limepinduka. Likigeuka tena na tena likishuka mteremko, limebingirika. Kuanguka ni neno pana mno kwa gari, libaki kwa pikipiki na baiskeli, au kwa gari lililotoka darajani.

Majini, kupinduka na kuzama ni matukio mawili, na kati yake kuna muda ambao watu huweza kuokolewa. Meli ya MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, imejaa kupita uwezo wake. Haikuzama mara moja. Ilielea tumbo juu, na watu waliokuwa ndani walikuwa hai wakigonga chuma, kwa sababu hewa ilikuwa imenaswa ndani. Bodi ilipotobolewa ili wapatikane, hewa ile ikatoka, na meli ikazama. Mamia ya watu walikufa. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na gati la kisiwa cha Ukara, Ukerewe, na zaidi ya watu 220 walikufa. Siku mbili baadaye, fundi wa mitambo wa kivuko kile alitolewa akiwa hai kutoka sehemu ya injini, maana chombo kilikuwa kimepinduka kikabaki kinaelea. Baadaye kabisa ndipo kilipogeuzwa na kuvutwa ufukweni.

Ukiandika "kimezama" katika saa ile ya kwanza, ilhali mkuku bado unaonekana juu ya maji, umewaambia jamaa walio ufukweni kwamba hakuna tena wa kutafutwa. Andika "kimepinduka", na uongeze kwamba sehemu ya chini inaonekana. Kisha subiri. Kikizama utaandika kimezama.

Swali dogo linalofuata hili: chombo kikirudishwa sawa, kimefanywa nini? Wengi huandika "kimenyanyuliwa". Mimi hupendelea "kimegeuzwa" au "kimesimamishwa wima", kwa sababu kunyanyua ni kuinua tu, na chombo kinaweza kuinuliwa kikiwa bado kimepinduka.

Neno mapinduzi lilitokaje katika kupindua sufuria hadi kupindua serikali?

Kwa njia iliyonyooka: aliyekuwa juu amewekwa chini. Waswahili waliopindua meza na mashua hawakuhitaji neno geni kwa ajili ya kiti cha utawala.

Umbo lake lina siri ndogo inayofaa kujulikana. Vitenzi vya aina hii vina sauti ya l iliyofichika, inayojitokeza unapovinyambua: pindua, pindulia, pinduliwa. Sauti hiyo ikikutana na kiambishi -i cha kuunda nomino hugeuka z. Ndiyo maana tuna mapinduzi, kama tulivyo na uvumbuzi kutoka vumbua, uchambuzi kutoka chambua, na ugunduzi kutoka gundua.

Kwa matumizi, tukio lililolipa neno hili uzito wake katika Afrika Mashariki ni la Zanzibar. Visiwa vilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah, na tarehe 12 Januari 1964 serikali yake ikapinduliwa. Tangu hapo neno limeingia katika majina ya vyombo vya dola: Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, Baraza la Mapinduzi. TANU na Afro-Shirazi zilipoungana tarehe 5 Februari 1977, chama kipya kikaitwa Chama Cha Mapinduzi. Mtanzania hutamka neno hili kila siku bila kukumbuka sufuria wala mashua, lakini mzizi uko pale pale.

Maumivu na fahari ya mwaka ule bado vinaishi katika familia, Unguja, Pemba, Dar es Salaam, na Muscat pia, ambako Wazanzibari wengi waliondokea. Mwandishi anayeligusa neno hili kwa maana ya 1964 aandike kwa herufi kubwa, Mapinduzi, na aandike kwa utulivu.

Kwa nini neno moja litumike kwa wanajeshi walioteka ikulu na kwa umma ulioinuka?

Kwa sababu kwa Kiswahili tendo ni moja, na sifa inayofuata ndiyo inayofafanua. Idi Amin alipompindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, yalikuwa mapinduzi ya kijeshi. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga la Kenya walijaribu kuipindua serikali wakashindwa, nalo huitwa jaribio la mapinduzi. Ufaransa mwaka 1789 ni mapinduzi ya umma. Halafu kuna mapinduzi yasiyomwaga damu ya mtu: mapinduzi ya viwanda, mapinduzi ya kilimo, mapinduzi ya mawasiliano.

Kwa hiyo usiliache neno peke yake pale ambapo msomaji anaweza kukosea. "Mapinduzi yametokea" katika kichwa cha habari humwacha mtu akijiuliza kama vifaru viko barabarani. Na usiandike "jaribio la mapinduzi lililoshindwa" kama huna haja. Yaliyozimwa ni mapinduzi yaliyozimwa, na jaribio likiitwa jaribio msomaji amekwisha elewa kwamba halikufika.

Mpinduzi na mwanamapinduzi ni mtu yule yule?

Si lazima. Mpinduzi ni yule aliyetenda, aliyeangusha serikali. Mwanamapinduzi ni anayeamini na kupigania mabadiliko ya msingi, hata kama hajawahi kuangusha chochote. Kumwita mshairi au mwalimu mwenye msimamo "mpinduzi" kunaweza kumtia matatani, hivyo chagua kwa makini.

"Kupindua meza" ya watangazaji wa mpira ni Kiswahili sanifu?

Ni Kiswahili hai, na mimi huiacha ipite katika kurasa za michezo. Maana yake ni timu iliyokuwa nyuma kugeuza matokeo ikashinda. Mfano usiosahaulika ni Liverpool, iliyofungwa 3-0 na Barcelona ugenini, kisha tarehe 7 Mei 2019 ikashinda 4-0 Anfield. Hapo meza ilipinduliwa kweli.

Kosa ni kulitumia kwa ushindi wowote mkubwa. Timu iliyoongoza tangu dakika ya tano ikamaliza 5-0 haijapindua meza yoyote, kwa sababu meza ilikuwa yake tangu mwanzo. Na timu iliyotoka nyuma ikapata sare imesawazisha. Siyo kupindua.

Wasomaji wa Biblia wana picha nyingine kabisa ya meza iliyopinduliwa: Yesu Hekaluni na wabadili fedha. Katika mahubiri, usemi huu una maana ya kukataa uovu uliozoeleka.

Tajiri wa kupindukia: naye ana uhusiano na kupinduka?

Ana. Pindukia ni kuvuka mpaka: mlafi wa kupindukia, furaha iliyopindukia. Siku hizi watu hubandika "kupindukia" kwa kila sifa hadi ikakosa makali. Joto la Dar es Salaam la mwezi Februari linaweza kuwa la kupindukia. Chai ya moto ni chai ya moto tu.

Na kipindupindu?

Umbo la neno linaonyesha mzizi ule ule, ukiwa umerudiwa. Lugha imeuchora ugonjwa kwa kile unachoufanyia mwili: kuhara maji yanayofanana na maji ya mchele, kutapika, misuli kukaza kwa maumivu, na mtu mzima mwenye nguvu kuangushwa ndani ya saa chache. Zanzibar ilipigwa vibaya na ugonjwa huu miaka ya 1869 na 1870.

Anayeandika kuhusu kipindupindu atumie jina hili kamili. Wakati wa mlipuko, maneno ya kuficha kama "ugonjwa wa kuhara" huchelewesha watu kutafuta maji ya chumvi na sukari, na kufika kituo cha afya.

Kichwangomba au kitwangomba?

Yote mawili. Penye "kichwa" watu husema kichwangomba, na penye "kitwa", kama Mombasa na Lamu, husema kitwangomba. Ni kule kutanguliza kichwa chini, mwili ukazunguka juu yake, miguu ikatua upande wa pili. Watoto hupiga kichwangomba mchangani, na bara utasikia samasoti.

Ukitaka kuona aina zake zote nenda Forodhani, Mji Mkongwe, jioni maji yakiwa yamejaa. Vijana wa makachu hukimbia kwenye sakafu ya mawe, hufika ukingoni mwa ukuta, na kujirusha baharini. Mmoja huzunguka mara moja akaingia kwa miguu. Mwingine hunyoosha mikono akatua kichwa chini, maji yasiruke sana. Mwingine hujikunja kwa makusudi atue kwa matako ili arushe maji kwa watazamaji. Anayeandika "waliruka majini" kwa wote hao amewanyima haki yao. Aliyezunguka amepiga kichwangomba. Aliyetanguliza kichwa amejitosa kichwa chini, amepiga mbizi. Wa tatu amejibwaga.

"Kichwa chini miguu juu" hutumika kwa nani?

Kwa kiumbe mwenye kichwa na miguu aliyekaa wima kinyume. Popo ndiye mwenye hali hii kwa maumbile. Kano za miguu yake hujifunga kwa uzito wa mwili wenyewe, kwa hiyo hulala akining'inia bila kukaza misuli. Pemba kuna popo mkubwa anayekula matunda, asiyepatikana kwingine kokote duniani. Alikaribia kutoweka mwishoni mwa miaka ya 1980, akaongezeka tena baada ya wanavijiji kuanza kumlinda, na pale Kidike unaweza kuwaona mchana wakiwa wamejaa mitini, mbawa zimekunjwa, vichwa chini.

Mbuyu nao husemwa hivyo katika hadithi nyingi: ukipukutisha majani, matawi hufanana na mizizi, watu wakasema Mungu aliupanda kichwa chini.

Mahali pa kuwa mwangalifu ni tumboni mwa mama. Huko kichwa chini ndiyo hali njema. Mtoto anayetarajiwa kuzaliwa hugeuka mwenyewe, kichwa kikatangulia, na ujauzito ukishatimia ni watoto wapatao 3 hadi 4 kati ya 100 wanaokuwa wametanguliza matako au miguu. Sasa mama akiambiwa tu "mtoto amepinduka", hajui kama amepewa habari njema au mbaya. Wakunga wazoefu husema "ametanguliza kichwa", "ametanguliza matako", au "amelala kukingama", na mama hutoka akijua la kujiandaa nalo. Waandishi wa afya wafuate lugha ya wakunga.

Mambo yakivurugika, tuseme yamepinduka?

Kiswahili kina akiba nzuri zaidi. Chumba kilichotupiwa vitu ovyo ni shaghalabaghala. Mipango iliyoharibika imekwenda mrama, neno la mabaharia kwa chombo kinachoyumba huku na huku, au imekwenda segemnege. Kilichopinda upande kimekwenda upogo au kombo. Na kuna arijojo, neno ninalolipenda kuliko yote hapa: tiara linapokatika uzi likachukuliwa na upepo, limekwenda arijojo. Kwa hiyo vikao vilivyokosa mwongozaji huenda arijojo, na ndoa yenye misukosuko huenda mrama. Kupinduka libaki kwa kilichogeuka kabisa.

Wafasiri wa vitabu vitakatifu walichagua maneno gani?

Katika Biblia ya Kiswahili watu huanguka kifudifudi au kifulifuli wanapomwomba Mungu, na mitume wa kule Thesalonike wanashitakiwa kwa kuupindua ulimwengu. Mapokeo ya Kikristo husema Petro alisulubiwa kichwa chini. Katika tafsiri za Kurani, nchi ya kaumu ya Lut inageuzwa juu chini. Usikoroge kifudifudi na kusujudu: anayesujudu paji la uso liko chini, lakini anaegemea viganja, magoti na vidole vya miguu, na tumbo haligusi ardhi.

Picha kwenye simu imegeuka. Niseme imepinduka?

Ikiwa kichwa kiko chini, sema iko juu chini. Ikiwa imelala, imelala ubavu, izungushe. Ikiwa maandishi yanasomeka kutoka kulia kama kwenye kioo, imekuwa kinyume.

Kuna watu wanaogeuza maneno yenyewe wanapoongea. Ile lugha inaitwaje?

Pwani huitwa kinyume: silabi ya mwisho huletwa mbele, mbuzi akawa zimbu. Watoto huitumia kuwaficha wakubwa, na anayeizoea huongea kwa kasi ya kushangaza. Sheng ina tabia hiyo hiyo, ndiko ilikotoka risto kwa maana ya hadithi.

Maneno haya yaandikwe pamoja au mbalimbali?

Kifudifudi, kichwangomba na kipindupindu ni neno moja moja, bila kistari. Kichwa chini miguu juu ni maneno manne. Juu chini ni mawili, bila "na" katikati unapozungumzia kitu kilichogeuka, kwa sababu "juu na chini" ni kila mahali: alimtafuta juu na chini.